Lwiro: pumzi ya mama na hewa ya puani

Ukitoka Bukavu kwenda upande wa Kavumu, ziwa Kivu linakuwa mkono wa kuume na milima ya Kahuzi mkono wa kushoto. Katikati ni migomba, maharagwe, mihogo, na nyumba ambazo asubuhi moshi unazitoka kwenye mabati kama vile zenyewe zinapumua. Unapita Miti, pale njia ya kwenda Tshivanga kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega inapochepuka. Unapita Kavumu na uwanja wake wa ndege. Kisha, kabla ya Katana, unakata kushoto na kupanda. Ni kama kilomita 45 toka mjini. Siku ya jua, kwa moto, ni safari ya asubuhi tu. Siku ya mvua tope ndilo linaloamua utafika saa ngapi na kitenge chako kitafika na rangi gani.

Lwiro inashangaza mtu anayefika mara ya kwanza. Umetoka kati ya mashamba na vibanda vya kuuzia makala, mara unaona majengo makubwa ya wakati wa Wabelgiji, veranda ndefu, bustani yenye miti mirefu, maktaba, vyumba vyenye mimea iliyokaushwa na nyoka waliohifadhiwa ndani ya chupa. Taasisi hii ilianzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Leo inaitwa CRSN, yaani kituo cha utafiti wa sayansi ya viumbe na maumbile. Hapa walipimwa matetemeko ya ardhi, samaki, mimea, na hapa ndipo ulitoka utafiti juu ya goita, ule uvimbe wa shingo uliokuwa unasumbua watu wa kisiwa cha Idjwi. Kwa hiyo Lwiro si mahali pa kutalii peke yake. Ni mahali ambapo kwa miaka zaidi ya sabini watu wamezoea kuuliza: jambo hili ni kweli, au ni maneno ya watu?

Ndiyo sababu nimepachagua kwa swali ambalo wamama wengi wanalo siku hizi. Kwenye simu zetu kuna sauti na video zinazopita toka kikundi hadi kikundi. Zinasema kwamba ndani ya pua kuna gesi inayoponya, kwamba ukipumua namna fulani presha inashuka, usingizi unarudi, moyo unatulia, na dawa unaweza kuziacha. Nusu ya maneno hayo ni kweli, tena kweli nzuri. Nusu nyingine inaweza kumzika mtu.

Tuanze na gesi yenyewe. Jina lake ni oksidi ya nitriki, na wataalamu huiandika kwa herufi mbili, NO. Isichanganywe na gesi ya usingizi ambayo baadhi ya waganga wa meno huitumia, wala na ile gesi kali inayotoka kwenye moshi wa magari. Majina yanafanana kama ya ndugu, lakini tabia ni mbalimbali. Hii yetu mwili unaitengeneza wenyewe, kidogo sana, kila wakati, kwenye ngozi nyembamba iliyofunika ndani ya mishipa ya damu. Kazi yake ni kuuambia mshipa: legea. Mshipa ukilegea unapanuka, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu, na presha haipandi ovyo.

Waliogundua habari hiyo ni Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, na mwaka 1998 walipewa tuzo ya Nobel ya tiba. Kuna kichekesho ndani yake. Alfred Nobel, aliyetajirika kwa baruti ya nitrogliserini, alipozeeka na kuumwa moyo waganga walimwandikia nitrogliserini hiyohiyo iwe dawa yake, naye akakataa kuinywa. Karibu miaka mia baadaye, tuzo yenye jina lake ikawaendea watu walioeleza kwa nini dawa ile inafanya kazi: ndani ya mwili inatoa NO.

Na pua inaingiaje? Nyuma ya mashavu na juu ya macho, ndani ya mifupa ya uso, kuna vyumba vidogo vya hewa vinavyoitwa sainasi. Ni vile vinavyouma sana ukiwa na mafua mabaya. Katika miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya Karolinska kule Uswidi, Jon Lundberg na Eddie Weitzberg, walionyesha kwamba vyumba hivyo vinatengeneza NO kwa wingi. Ukivuta hewa kwa pua, unaibeba gesi hiyo mpaka kwenye mapafu. Kule inafungua mishipa ya damu hasa pale hewa ilipofika, na oksijeni inachukuliwa vizuri zaidi. Ukivuta kwa mdomo, unairuka ghala hiyo. Tena pua inachuja vumbi, inapasha hewa baridi, inailowesha. Asubuhi za Lwiro, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, mtu anayekwenda shambani na mdomo wazi anajua koo lake linavyokauka.

Mwaka 2002 walewale wawili walitoa jambo jingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mtu akiimba midomo ikiwa imefungwa, ile *mmm* ndefu inayotokea puani, NO inayotoka puani inaongezeka mara 15 kuliko akipumua kimya. Sauti inatikisa hewa, hewa inaingia na kutoka kwenye vile vyumba vya mifupa, na kuvisukutua kama unavyosukutua kibuyu. Lakini ukirudia mara nyingi bila kupumzika, gesi inapungua, kwa sababu ghala linaisha. Linahitaji dakika kama tatu kujaa tena.

Sasa fikiria mama wa hapa Kabare, mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa, jembe mkononi, anamlalisha mtoto kwa *mmm* hiyo. Hakusoma Karolinska. Sikio la mtoto liko juu ya mbavu za mama, sauti inapita kwenye mfupa. Mama anatoa pumzi ndefu bila kujua kwamba anatoa pumzi ndefu. Mtoto anatulia, na mama naye mapigo ya moyo yanashuka. Hapo ndipo nusu ile ya kweli inapokaa.

Twende hospitali sasa, maana hapo kuna kupumua kwa namna nyingine.

Lwiro ina hospitali ya watoto inayojulikana mkoa mzima kwa kutibu utapiamlo, yaani kwashiorkor na wembamba wa kupita kiasi. Ukikaa kwenye benchi lolote la hospitali ya watoto utaona muuguzi akifungua shati la mtoto, anatazama kifua, anatazama saa, na hasemi kitu kwa dakika nzima. Anahesabu pumzi. Mama nyumbani anaweza kuhesabu vilevile, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 kwa dakika au zaidi, ni hatari. Wa miezi miwili mpaka kumi na moja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Ikiwa ana kikohozi na pumzi zimefika hesabu hiyo, huenda ni nimonia, na safari ya kituo cha afya ni leo, si kesho. Na ikiwa sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila anapovuta hewa, au anakoroma akiwa macho, au hawezi kunyonya, usihesabu tena. Beba mtoto uende.

Nayasema haya katikati ya habari za utulivu kwa makusudi. Hakuna *mmm* inayotibu nimonia. Mtoto anayepumua mbio haitaji kufundishwa kupumua polepole. Mwili wake unakimbia kwa sababu oksijeni haitoshi. Ni kweli NO yenyewe imekuwa dawa. Kuna nchi ambazo mtoto mchanga mwenye shida ya mishipa ya mapafu anavutishwa gesi hiyo kwa mashine, na Marekani iliikubali kwa kazi hiyo mwaka 1999. Lakini tukiulizwa sisi wa vijijini tunataka nini kwanza, mimi nasema tuache mashine hiyo kwa sasa. Tupewe oksijeni isiyokatika na kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachoonyesha oksijeni ya damu. Watoto wengi wataokoka kwa hivyo viwili.

Hospitali hiyo ina hadithi nyingine ambayo wamama hawaambiwi sana. Watoto waliotibiwa hapo utapiamlo mkali kati ya mwaka 1988 na 2007 walitafutwa tena na watafiti wa Bukavu na Brussels walipokuwa wamekuwa watu wazima. Fikiria kazi hiyo: kumtafuta mtu kilima kwa kilima baada ya vita na uhamisho, na kadi yake ya utotoni mkononi. Waliwapata mamia. Walipowapima na kuwalinganisha na majirani wa umri wao ambao hawakupata utapiamlo, waliona kwamba waliougua utotoni wana hatari kubwa zaidi ya mafuta ya tumbo na ya sukari kutokaa sawa ndani ya damu. Njaa ya utotoni haiishi siku mtoto anaporuhusiwa kurudi nyumbani.

Hii inahusu nini na gesi yetu? Sukari ikikaa juu ndani ya damu muda mrefu, inaumiza ile ngozi nyembamba ya ndani ya mishipa, na ngozi ikiumia inatoa NO kidogo. Mishipa inakuwa migumu. Kwa hiyo mama aliyewahi kulazwa Lwiro akiwa mtoto, au aliye na mtoto aliyelazwa huko, ana sababu ya kupimwa presha na sukari mapema kuliko jirani yake, hata akiwa mwembamba, hata akijisikia mzima. Kipimo hicho hakiwezi kuchukuliwa na pumzi.

Chakula nacho kina sehemu yake, na hapa Kivu hatuna haja ya kuagiza kitu mbali. Lengalenga, ile ambayo Watanzania wanaiita mchicha, ina naitreti nyingi, na majani mengi mabichi ya kijani ni hivyohivyo. Wadudu wazuri wanaokaa juu ya ulimi wanaibadilisha naitreti hiyo, tunaimeza na mate, na mwili unaigeuza kuwa NO. Ni njia ya pili ya kupata kitu kilekile. Ukichemsha lengalenga kwenye maji mengi halafu ukayamwaga, umemwaga na sehemu kubwa ya faida hiyo. Maji kidogo, moto mfupi, inatosha. Sombe ni habari nyingine kabisa: hiyo lazima itwangwe na ichemke sana, maana majani ya muhogo yana sumu inayotaka kuondolewa. Na mtoto wa chini ya miezi sita hapewi hata mchuzi wa lengalenga. Yeye ni ziwa la mama tu.

Ng'ambo kidogo ya hospitali kuna sauti zinazomshtua mgeni: makelele yanaanza chini, yanapanda, yanajibiwa. Ni sokwe-mtu, tunaowaita sokomutu. Kituo cha kuwatunza kilianzishwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na CRSN, na leo wako zaidi ya mia moja, pamoja na nyani na kima wengi. Karibu wote ni yatima. Wawindaji wanamuua mama kwa ajili ya nyama, mtoto anabaki ameng'ang'ania mwili, anauzwa.

Sokomutu mchanga anayefika hapo haitaji ndizi kwanza. Anahitaji kifua cha kulalia. Walezi wanawashika, wanawabeba, wanakaa nao muda mrefu, mpaka siku watakapoweza kuwa pamoja na wenzao. Mimi naona kila mama aliyepokea mtoto wa ndugu baada ya vita anaelewa kazi hiyo bila kuelezwa. Mtoto aliyeogopa hatulizwi kwa maneno. Anatulizwa na mwili mwingine uliotulia, unaopumua taratibu karibu naye. Na hao sokomutu wakicheka, hawatoi sauti kama yetu: wanacheka kwa kuhema, pumzi fupifupi, mdomo wazi.

Hapo mgeni anavaa barakoa na kukaa mbali. Mafua yetu madogo yanaweza kuwaua. Pumzi yetu na yao ni ya ukoo mmoja, na magonjwa ya mapafu hayaulizi nani ana mkia na nani hana. (Sokomutu hana mkia, watoto wa shule watanirudi.)

Nirudi jikoni, kwa sababu mazoezi ya kupumua ndani ya moshi ni sawa na kufua nguo kwenye tope. Baridi ya Lwiro usiku ni ya kweli. Watu wanaingiza mbabula ndani, makala yamewaka vizuri, moshi umekwisha, mlango unafungwa, watoto wanalala. Asubuhi wengine wanaamka na kichwa kinachopasuka na kutapika, wakisema ni malaria. Wengine hawaamki. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Watu wa upande wa Goma na Sake wana neno mazuku kwa zile hewa mbaya zinazotoka ardhini kwenye mabonde na kuua mbuzi na watu. Wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno letu na kuliandika vitabuni. Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa ni mazuku uliyoiwasha mwenyewe. Iote jioni mlango ukiwa wazi, kisha itoke nje kabla mtu wa kwanza hajalala.

Na moshi wa kuni wa kila siku, hata usipoua usiku mmoja, unaongeza nimonia kwa watoto wadogo na kikohozi cha kudumu kwa mama mpishi. Dirisha moja zaidi jikoni, kuni zilizokauka vizuri, mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto: hayo ni mazoezi ya kupumua ya kwanza kabisa, kabla ya mengine yote. Tukipunguza makala tumeisaidia pia mbuga ya Kahuzi-Biega, maana sehemu ya makala yanayoshuka Bukavu ni miti iliyokatwa mle.

Sasa utulivu. Si neno la anasa kwetu. Februari 2025 vita vilifika Kavumu, kwenye uwanja wa ndege, kisha vikafika Bukavu. Kabla ya hapo kulikuwa na vita vingine, na kila mama wa barabara hii anajua kulala na nguo mwilini. Mwili uliokimbia mara nyingi unaendelea kukimbia hata ukiwa umekaa. Mlango unagongwa, moyo unaruka. Pikipiki inapasua ekzosi, mikono inatetemeka. Pumzi inakuwa fupi, inakaa juu kifuani, mdomo wazi.

Hapo kupumua polepole kunasaidia, na sababu yake inajulikana. Kila unapovuta hewa moyo unaongeza mwendo kidogo, kila unapoitoa unapunguza. Mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi, unaoshuka toka kwenye ubongo kupitia shingo mpaka moyoni na tumboni, ndio unaoshika breki. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu, breki inakaa muda mrefu. Watu wengi tukiwa tumekaa tunapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Ukishuka mpaka mara sita hivi, mapigo ya moyo na presha vinaanza kwenda pamoja, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kugonganisha michi.

Mara sita kwa dakika: wamama wengi wa Katana na Lwiro tayari wanaijua bila kuihesabu. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa chuo kikuu cha Pavia, Italia, pamoja na wenzake, waliandika katika jarida la waganga la Uingereza, BMJ, matokeo ya kupima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini. Sala ya Salamu Maria, nusu inasemwa na anayeongoza na nusu inajibiwa, iliwashusha mpaka karibu pumzi sita kwa dakika, na mioyo yao ikafuata. Maneno ya kurudiarudia ya watu wa yoga yalifanya vilevile. Mimi sisemi rozari ni mazoezi ya mapafu. Anayesali anajua anasali kwa nani. Ila nyinyi mnaopita nyumba kwa nyumba mwezi wa tano na mwezi wa kumi, angalieni siku moja mnavyosali. Tukiwa na haraka ya kurudi kupika, tunayakimbiza maneno na pumzi inakimbia nayo. Wale wazee wanaoongoza polepole, ambao vijana wanawachoka, ndio waliokuwa na mwendo sahihi. Kwa wasio Wakatoliki, wimbo wa kanisa ukiimbwa midomo imefungwa unafika palepale, na tasbihi ya mama Mwislamu inaweza kwenda mwendo huohuo.

Anayetaka kufanya bila sala, namna ni hii. Kaa mgongo ukiwa umenyooka, nyayo zote mbili chini. Funga mdomo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, taratibu, tumbo likitangulia kujaa kabla ya kifua. Itoe kwa pua ukihesabu mpaka sita. Usijaze mpaka mwisho, usibane pumzi, usishindane na mtu. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku. Ukipenda, pumzi chache za mwisho zitoe kwa *mmm*, kisha nyamaza kama dakika tatu ghala lijae, urudie. Ukisikia kizunguzungu au vidole vinawasha, umevuta kwa nguvu mno. Acha, pumua kawaida. Pua ikiwa imeziba kwa mafua, ngoja ipone.

Kuna jambo ambalo video za simu hazisemi. Zinaamuru kila mtu afumbe macho. Kwa mama aliyeona mabaya, kufumba macho na kukaa kimya kunaweza kufungua mlango wa yale aliyoyaona. Asifumbe. Aangalie kitu kimoja mbele yake, mti, mlima, mtoto anayecheza, ashike kitu mkononi, asikie miguu ikigusa ardhi. Ikimzidi, aache, asimame, atembee. Hilo si kushindwa. Na aliyefanyiwa ukatili hapaswi kuachiwa pumzi peke yake. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na mganga Denis Mukwege, ambaye naye alipata tuzo ya Nobel, ya amani, mwaka 2018, inahudumia mwili pamoja na moyo uliojeruhiwa. Kuzungumza na mtu aliyefundishwa kusikiliza ni tiba.

Na dawa za presha? Zinaendelea. Mazoezi ya pumzi polepole yameonyesha kushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu, na kidogo hicho ni kizuri juu ya dawa, si badala yake. Mjamzito anayepata kichwa kikali, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, asikae kuhesabu nne na sita. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, inayoua mama na mtoto, na njia ni moja tu, hospitali. Mwenye pumu abaki na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au tayani, vivyo hivyo, hospitali.

Kikundi kinachotaka kufanya safari ya Lwiro kipange kutoka Bukavu mapema na kuuliza kwanza hali ya barabara kwa watu waliotoka huko siku hiyohiyo, si jana yake. Chukueni sweta, maji, na saa moja yenye mshale wa sekunde. Hiyo mtajifunzia kuhesabu pumzi za watoto mkiwa mmekaa bustanini. Barakoa kwa kila mtu anayetaka kuona sokomutu. Mwenye mafua au kikohozi asifike kwao kabisa, hata kama amelipa nauli na ametoka mbali. Abaki chini ya miti ya IRSAC na wengine waliochoka. Watu wataporudi watamkuta amelala.